Udongo wa Kaburi la Hizza

Sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muwa malizia kabisa uteme makapi, maana leo nayataka masikio yenu yote. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina watu watatu na timu moja ya mpira, na ninawasimulia ili mniamulie, kwa sababu mimi kila nikijaribu kuamua hasira hunipanda nikaishia kuwalaani wote watatu.

Huko Kwemsala, kwenye mashamba ya mkonge, palikuwa na timu ikiitwa Nyuzi. Ilikuwa timu ya wakata mkonge na watoto wa wakata mkonge. Miaka nenda miaka rudi ilikuwa daraja la chini kabisa, ikifungwa, ikichekwa, ikirudi nyumbani juu ya lori watu wamenuna. Halafu wakapatikana watatu hawa, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa kocha, Shekiondo. Kipaji chake kilikuwa kusema kweli. Mchezaji aliyecheza ovyo aliambiwa amecheza ovyo, hata kama mkewe amesimama pale, na aliyecheza vizuri alisifiwa bila kutiwa chumvi. Basi siku aliyowaambia, "Mwaka huu tunapanda daraja," hakuna aliyecheka. Hakuwahi kuwadanganya, wangeanzaje kumtilia shaka siku hiyo?

Wa pili alikuwa kipa, Mbelwa, ambaye pia ndiye nahodha. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mpira ukimfikia umefika, labda aamue mwenyewe kuuachia. Ila Mbelwa alikuwa mtu wa kuamini mambo. Hakuingia uwanjani kwa mguu wa kushoto, hakumruhusu mtu aguse glovu zake, na mechi kubwa ikikaribia alitaka timu ifanyiwe dawa. Bila dawa mikono ile ile ilitetemeka, na magoli aliyowahi kufungwa siku hizo ni aibu kuyasimulia.

Wa tatu alikuwa mwenyekiti, Kaoneka. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Lori la timu alilipata kwa mdomo, jezi alizipata kwa mdomo, na mwamuzi aliyekuja amenuna aliondoka anacheka. Mtu amelowa mvua chapachapa, Kaoneka angemshawishi kuwa jua linawaka na akaondoka anajipepea.

Sasa, timu zetu mnazijua. Zina kitu kinaitwa kamati ya ufundi. Mgeni akisikia jina hilo anadhani ni watu wa kufundisha namna ya kupiga kona. Wapi! Kamati ya ufundi kazi yake ni kwenda kwa mganga. Nyuzi nayo ilikuwa na kamati yake, na mkubwa wake alikuwa huyo huyo Kaoneka. Kocha hakuipenda, lakini aliiacha iendelee na mambo yake, mradi mazoezi yafanyike. Hapo ndipo alipokosea kwanza, kama mnaniuliza mimi, ingawa hamjaniuliza.

Ikafika mechi ya mwisho ya ligi. Wapinzani walitoka mjini, na Nyuzi ilihitaji sare tu ipande daraja. Kaoneka akaenda kwa mganga, akarudi na masharti. Unatakiwa udongo wa kaburi la mchezaji aliyekufa akiwa bado anaipenda timu. Uchotwe jua likiwa utosini, na uchotwe kwa mkono wa yule anayepanga kikosi. Kisha unyunyizwe golini kwa Nyuzi.

Kaburi la namna hiyo Kwemsala lilikuwa moja. Lilikuwa la Hizza, winga wa kushoto, kijana aliyechukuliwa na malaria akiwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana. Shekiondo ndiye aliyemfundisha tangu anacheza peku. Siku ya mazishi Shekiondo ndiye aliyeshuka kaburini kuupokea mwili. Na mama yake, Mama Hizza, hakuiacha timu hata baada ya msiba. Yeye ndiye aliyewaongoza kina mama kwa ngoma na vigelegele uwanjani, na mashabiki walimchagua awawakilishe kwenye kamati kuu ya timu.

"Mimi siyaamini mambo haya," kocha alisema alipoletewa habari.

"Nani kakuambia uamini?" Kaoneka akamjibu. "Wewe chota tu."

"Mwenyekiti, lile ni kaburi la Hizza."

"Hizza yule yule aliyeipenda Nyuzi kuliko chakula. Angekuwa hai angekuchotea mwenyewe."

Mbelwa alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. "Kocha, nikwambie mapema nisije kukuangusha," alisema. "Bila huo udongo mimi sikai golini. Nikikaa, nitafungwa mpaka mnichoke. Unanijua."

Kocha alimjua. Na kipa mwingine wa maana hapakuwa.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, Shekiondo alikwenda makaburini na mfuko wa nailoni. Hebu fikirieni, mtu aliyezoea kuswali safu ya mbele. Alipiga magoti kwenye kaburi la Hizza, akaanza kuchota upande wa kichwani. Kina mama waliokuwa wanakata majani ya mbuzi wakamwona, wakapiga yowe, na wanaume waliotoka kuswali wakakimbilia huko. Wangempiga wakamuumiza vibaya, bahati yake polisi alifika na pikipiki. Akamtia pingu, na mfuko wa udongo ukachukuliwa kuwa kidhibiti.

Mama Hizza alifika anahema, khanga imemdondokea mabegani. Akaliona shimo. Akamwona mwenye pingu.

"Shekiondo?" alisema. "Ni wewe?"

Shekiondo hakuweza kumtazama.

Kituoni aliulizwa nani amemtuma. "Nimekwenda kwa miguu yangu," alijibu, na hakuongeza jina la mtu. Kaoneka wakati huo alikuwa nje kwenye kundi la watu, anatikisa kichwa na kusikitika kama wenzake. Nikifika hapa huwa natamani ningekuwepo, nimshike shati.

Kesho yake mechi ilikuwepo pale pale. Kocha yuko mahabusu, wachezaji wako chumba cha kuvalia wamevaa, na Mbelwa amekaa chini na glovu mapajani. Hatoki. Wakambembeleza, wakamkaripia, hatoki. Udongo uko polisi, yeye akafanye nini golini?

Kaoneka akasema, "Nipeni muda kidogo." Akatoka. Aliporudi alikuwa na mfuko wa nailoni mkononi, una udongo ndani.

"Nimezungumza na mkuu wa kituo," alisema. "Na yeye ana roho, anaipenda Nyuzi. Huu hapa."

Mbelwa akaupokea kwa mikono miwili, akaenda akaunyunyiza golini kwake. Na siku hiyo, jamani, alidaka. Alidaka ya juu na ya chini, alidaka mpira ambao mashabiki wa wageni walishaanza kuushangilia. Hadi mechi inakaribia kwisha ilikuwa bila kwa bila. Ndipo beki wa Nyuzi akaushika mpira kwa mkono, na mwamuzi akaonyesha penalti.

Mpigaji alikuwa mrefu wao mmoja. Kabla ya kupiga, aliinama akakaza kamba za kiatu. Mbelwa akakumbuka. Wiki nzima kocha alikuwa akimwambia, "Yule mrefu akiinama kukaza kamba, anapiga kulia kwako. Nimemfuatilia. Usimtazame usoni, ruka kulia." Mbelwa akaruka kulia. Mpira ukatua mikononi, akaukumbatia, akalala nao chini mpaka filimbi ya mwisho. Nyuzi ikapanda daraja. Kwemsala watu walilia barabarani.

Mama Hizza hakuwa uwanjani. Alikuwa makaburini, anasawazisha udongo.

Sasa timu imepanda, na kocha wake ana kesi ya kufukua kaburi. Alipotolewa kwa dhamana, kamati kuu ikaitwa ikae kwenye banda la mizani, pale mkonge unapopimwa. Kamati ilikuwa watu watatu: Kaoneka kwa upande wa uongozi, Mbelwa kwa upande wa wachezaji, Mama Hizza kwa upande wa mashabiki. Shekiondo alipewa kigoda akae mbele yao. Utaratibu wa Nyuzi ni kwamba anayetaka mtu afukuzwe ananyanyua mkono, na mikono miwili inatosha.

Kaoneka aliunyanyua wa kwake kabla hata hajamaliza kuongea. "Daraja tulilopanda lina macho," alisema. "Wakisikia kocha wetu anafukua maiti, watatucheka, wanaweza hata kutushusha. Nampenda sana Shekiondo, ni ndugu yangu. Lakini timu kwanza."

"Kesi yenyewe haijasikilizwa," Mbelwa alisema. "Na mwenyekiti, mbona hulisemi lililopo? Mimi ndiye niliyeutaka huo udongo. Wewe ndiye uliyeleta masharti. Yeye alituambia haamini. Halafu udongo ule ule ndio umetupandisha daraja, leo tumfukuze aliyeuchota?"

Hapo mdomo wa Kaoneka, ule uliozoea kumwokoa, ukamponza.

"Udongo gani uliotupandisha?" alifoka. "Ule niliokupa nilizoa nyuma ya choo cha uwanja! Wa kaburini uko kituoni mpaka leo. Usimpe mtu sifa ambazo si zake!"

Mbelwa akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Mikono ndiyo iliyodaka, na yeye alikuwa hajui.

Mama Hizza ndiye aliyeongea. Hakumwangalia Kaoneka. Alimgeukia aliyekaa kwenye kigoda.

"Mwalimu, huyu amezoa udongo chooni, na kipa akacheza vilevile. Wewe huamini dawa. Kwako wewe udongo ni udongo. Kwa nini hukuzoa wa njiani ukawaambia ni wa kaburini?"

"Sikuweza, mama."

"Hukuweza kwa nini?"

"Ingekuwa kuwadanganya. Sijawahi kuwadanganya vijana wangu. Wakinishika na uongo mmoja, hata nikiwaambia mpira ni wa duara hawataniamini tena."

Mama Hizza akafuta pua kwa ncha ya khanga.

"Kwa hiyo wenye masikio uliwaonea haya," alisema. "Ukamwendea mwanangu, kwa sababu yeye hawezi kukuuliza."

Shekiondo akafunika uso kwa viganja, akalia kama mtoto.

"Mama," Mbelwa alisema taratibu, "akiondoka huyu, na mimi naondoka, na vijana wote wataondoka. Nyuzi itakufa. Hizza alitaka kuiona ikipanda."

"Usinisemee mtoto wangu," alijibu Mama Hizza. "Mmemsemea vya kutosha."

Na hapo ndipo nilipokwama mimi, ndugu zangu. Ilibaki kura moja. Mkono wa Kaoneka uko juu, mikono ya Mbelwa iko chini, na mkono wa Mama Hizza uko mapajani.

Pimeni na nyinyi. Ukweli wa kocha ndio uliomwambia kipa aruke upande gani, na ukweli huo huo ndio uliofukua kaburi. Uongo wa mwenyekiti ndio uliomtoa kipa chumba cha kuvalia, na uongo huo haukumgusa maiti yeyote. Lakini ni yeye aliyemtuma mwenzake kaburini, kisha akamkana mbele za watu. Mikono ya kipa ndiyo iliyodaka, na woga wa kipa ndio ulioanzisha yote. Ondoa mmoja kati yao, Nyuzi haipandi. Ondoa mmoja kati yao, Hizza anapumzika kwa amani.

Mama Hizza akiunyanyua mkono, atakayefukuzwa ni yule mmoja ambaye hakudanganya wala kumtaja mwenzake, na atakuwa amepiga kura moja na Kaoneka. Wale wawili waliomsukuma kaburini hakuna atakayewafukuza. Akiuacha ulipo, basi kila mechi atapiga ngoma akimshangilia mtu aliyemkuta kwenye kaburi la mwanawe na udongo kwenye kucha.

Msiniambie kila mtu ana makosa yake. Hilo nalijua, na halimsaidii mama yule. Alikuwa na mkono mmoja wa kuamua nao, na wenzake walikuwa wanamngoja. Ungekuwa wewe ndiye uliyemzaa Hizza, mkono wako ungekuwa wapi?