Kibuyu Kilicholia Ko

Paukwa!
Pakawa!
Kibuyu!
Cha mkamuaji.
Povu!
La mwenye haraka.
Ulimi!
Hauna mfupa.

Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na maduka na binadamu hana hata kibanda, palikuwa na siku ya kuonja maziwa. Waliokuwapo nitawataja wote, asije mmoja akasema hakuwapo. Alikuwapo Bi Ndovu, mwenye chemchemi. Walikuwapo waonjaji watatu, Korongo, Ngiri na Tumbili. Walikuwapo wenye maziwa, Fisi, Kondoo na Punda. Alikuwapo Tunu, mtoto wa Punda, miguu mirefu, maziwa ya mama bado mdomoni. Walikuwapo wanyama waliokuja kuteka maji, wakabaki kutazama. Na walikuwapo nzi. Hao hawakualikwa, lakini panapo maziwa nao wana haki yao.

Walikusanyika kwa nini? Kiangazi kilikuwa kinakuja. Pale chemchemini palikuwa na kivuli kimoja tu, kipana, cha baridi. Ukiuza maziwa pale, hayachachi upesi, na wateja wanakujia wenyewe wakija kuteka maji. Bi Ndovu akasema kivuli hicho atapewa yule ambaye maziwa yake ya kutiwa ladha yatawashinda wenzake. Kila mmoja alete kibuyu kimoja. Waonjaji waonje, walinganishe, watoe neno.

Fisi alitaka kivuli kwa fahari. Kondoo alikitaka kwa riziki. Punda alikitaka kwa ajili ya Tunu. Maana Punda alikuwa mchukuzi wa Fisi. Kila kukicha kamba mgongoni, mizigo ya mifupa, kilima hadi kilima, na mtoto anabaki zizini peke yake, mlango umezibwa kwa miiba. Akirudi jioni anamkuta Tunu amelia mpaka sauti imekauka. Akipata kivuli, atauza maziwa na mtoto ubavuni. Akikosa, kesho ni kamba na mizigo. Basi.

Asubuhi hiyo Punda alijikamua yote, hakujibakizia. Alikaanga kakao chunguni, akaitwanga, tu, tu, tu, akaichemsha na maziwa, akatia asali kidogo. Akamimina katika kibuyu alichokifukiza moshi. Tunu akaja kunyonya, akavuta, akavuta, hakuna. Akamtazama mama yake. Punda akageuza uso.

Kondoo aliona. Alimwita Tunu nyuma ya kichaka, akamnyonyesha maziwa ambayo yangejaza kibuyu chake mpaka shingoni. Kisha akarudi, akajifanya anapanga kata. Punda, aliyeona yote, akampangusa Kondoo vumbi la mgongoni.

Wakaanza na maziwa ya Kondoo. Yalikuwa ya ndizi mbivu na iliki. Waonjaji wakayaonja, wakasema ni mazuri, ni ya nyumbani, na wakalitamka hilo la nyumbani kama vile nyumbani ni mahali pabaya.

Akaja Fisi. Fisi hana zizi, hajui chuchu iko wapi. Maziwa aliyakusanya kwa wengine. Akatia kakao, akatia karafuu, akatia pilipili manga, akatia maua, na ili yapate weusi wa kutosha akatia unga wa mifupa iliyoungua. Kabla kata haijazama, akawatangazia kwamba maziwa yale si ya kila ulimi. Mwenye ulimi uliotembea atayaelewa. Mwenye ulimi wa kijijini asijisumbue.

Nani atakubali kwamba ulimi wake haujatembea?

Korongo akachovya ncha ya mdomo, ncha tupu. Manyoya yakamsimama. Akafumba macho kwa muda, akasema, "Nasikia mvua ya kwanza juu ya jiwe la moto."

Ngiri akaonja, chozi likamtoka, akalisingizia vumbi. Alisema yeye anasikia ngozi ya ngoma ya zamani. Tumbili hakutaka kuachwa nyuma. Alipeleka kata mdomoni, akairudisha ikiwa imejaa vilevile, akasema, "Mimi nasikia huzuni ya jivu."

Wasikilizaji wangu, kuna anayetaka kunywa huzuni ya jivu? Lakini wanyama wote walitikisa vichwa kwa heshima.

Ikafika zamu ya Punda. Korongo akachovya ncha. Akachovya mdomo. Akachovya shingo. Gwi, gwi, gwi. Tumbili akamwambia awaachie wenzake, akainywa kata yake, akaomba nyingine, kwa ajili ya kulinganisha. Akaomba ya tatu, kwa ajili ya uhakika.

"Kasoro ipo," alisema Ngiri, "ila imejificha chini."

Wakaitafuta kasoro. Wakaitafuta katikati ya kibuyu, haipo. Wakaitafuta chini, haipo. Ngiri akasukuma pua ndani ili akaitafute kwenye kitako, akalamba, fyo, fyo, fyo, na kibuyu kikamvaa puani. Walimshika mkia, wakamvuta, akachomoka, po! Uso wote kakao.

Punda alikuwa amesimama pembeni. Alijisemea kwamba wameyapenda. Mtu hawezi kulamba hivi kitu asichokipenda.

Waonjaji wakanong'ona. Korongo akapanda kwenye jiwe, akatoa neno. Maziwa ya Punda, alisema, yana tatizo moja kubwa. Yananyweka. Yanashuka tu, hayakusumbui, hayakufikirishi. Hata mtoto angeyanywa. Ya Fisi ndiyo maziwa, kwa sababu yanapigana na mnywaji. Mshindi ni Fisi.

Makofi yakapigwa. Punda hakupiga. Alimtazama Tunu, ambaye alikuwa amelala kivulini, masikio yanacheza, hajui kitu.

Fisi akamsogelea, akamwonyesha jino moja moja. "Kamba iko pale, Mama Tunu. Mizigo haijibebi."

"Naomba nimwache alale kidogo," Punda akasema.

"Atalala zizini. Huko hakuna wa kumpigia kelele."

Punda akainama kuichukua kamba.

Ndipo Bi Ndovu alipoinua mkonga. Aliwakumbusha desturi ya chemchemi, ambayo wote waliijua, ila siku hiyo maneno makubwa yalikuwa yamewasahaulisha. Hapo chemchemini, mshindi hapewi mahali mpaka waliomchagua wamalize kibuyu chake. Kikigongwa kilie ko. Kikilia du, bado hajashinda.

Akakigonga cha Fisi. Du.

"Kunyweni," akasema.

Korongo akakumbuka kwamba amefunga, tangu jana, na kwa kweli hata kuonja alionja kwa shida. Ngiri akashika shavu. Jino, alisema, jino linamwua. Tumbili alikuwa na mama mkwe mgonjwa ng'ambo ya mto na alikwisha chelewa. Bi Ndovu akasema mama mkwe atapelekewa maziwa haya haya. Tumbili akajibu kwamba hapana, ni mgonjwa, si adui.

Wanyama wakaanza kucheka. Bi Ndovu akamgeukia Fisi, akamwambia awasaidie rafiki zake, angalau kata moja. Fisi akarudi nyuma hatua kadhaa. "Mwenye duka," alisema, "hali bidhaa."

Bi Ndovu akakigonga tena kibuyu cha Fisi. Du. Akakigonga cha Kondoo. Du, ila kidogo. Akakigonga cha Punda.

Ko.

Akakipindua mdomo chini. Halikudondoka tone. Akamtazama Ngiri, kakao bado mpaka kwenye nyusi.

"Midomo yenu imemchagua Fisi," akasema. "Matumbo yenu yamemchagua Punda. Chemchemi yangu inayaamini matumbo. Mama Tunu, iache hiyo kamba."

Wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa nani? Alikuwa Kondoo, aliyeshindwa. Punda akamwendea, akamwambia wapange vibuyu vyao pamoja, kivuli ni kipana. "Usinibishie, dada," akasema. "Najua kibuyu chako kilipungulia wapi."

Waonjaji wakaanza kueleza kwamba walijua tangu mwanzo, walikuwa wanampima Fisi tu. Hakuna aliyewasikiliza. Fisi akamwaga maziwa yake mchangani kwa hasira. Nzi wakatua, wakafikiri, wakaondoka.

Basi, anayekisifu kitu usimtazame mdomo, tazama anachokimaliza. Na wewe uliyekipenda kitu, usione haya kusema umekipenda. Pengine aliyekitengeneza ana mtoto mwenye njaa, na anangoja neno lako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kibuyu nimekifunika, kata nimeitundika.

Kiangazi chote kile, Tunu alinyonya kila alipotaka.