Jina Lililozuiwa

Wapendwa, palikuwa na baba mmoja mwenye kuilinda nyumba yake kupita kiasi. Juu ya ukuta vipande vya chupa, getini kufuli mbili. Alipovuta waifai nyumbani, akasikia kwamba majirani wanajichotea bure, roho ikamuuma. Jumamosi moja akakaa sebuleni, akaingia kwenye mipangilio ya kile kisanduku cha waifai. Neno la siri la kufungulia mipangilio hiyo, lililotoka nacho kiwandani, akalibadilisha, ulinzi wa kuzuia wadukuzi akauwasha. Kisha akafungua orodha ya vilivyounganishwa. Simu yake aliijua. Ya mkewe aliijua. Runinga, sawa. Cha nne kiliandikwa NAKUNDA.

"Nakunda ndiye nani?" akamuuliza mkewe.

"Mtaa huu? Mimi simjui. Labda mpangaji wa hapo nyuma."

"Basi leo atanijua mimi." Akabonyeza, akamzuia. Akacheka, akaomba chai.

Chumba cha uani alikuwamo mama yake mzazi, mgonjwa. Masikio yalishakuwa mazito, simu ya kawaida haikumfaa. Lakini kila alasiri dada yake aliye mbali alimpigia kwa video, wakasomana midomo, wakacheka kama wasichana. Simu yenyewe alitumiwa na dada huyo, na ndiye aliyeitayarisha. Alasiri ile haikuita. Wala kesho yake.

"Baba, hii simu yangu imekuwa bubu. Au dada amenichoka?"

"Mtandao tu huo, mama. Nitaiangalia kesho."

Kesho yetu si tunaijua? Ikaja kazi, kikaja kikao cha harusi. Hata dada mtu alimpigia yule baba: "Mwanangu, mbona simpati mama yako?" Naye akajibu, "Anapumzika, mama mkubwa. Nitamwambia." Hakumwambia. Wiki ya tatu mama akafariki, simu ikiwa chini ya mto. Neno lake la mwisho alimwachia mkwewe: "Mwambieni dada sina kinyongo naye."

Siku ya mazishi yule dada akafika, akateremshwa garini akiwa ameshikiliwa. Akaliangukia jeneza. "Nakunda! Nakunda mdogo wangu, nilikukosea nini?"

Yule baba akamgeukia mkewe. Lilikuwa jina la utotoni la mama yake, lililobaki kinywani mwa mtu mmoja tu duniani, yule aliyeitayarisha simu. Yeye tangu azaliwe alimwita mama. Mtaa mzima ulimwita Mama Elia, wajukuu wakamwita bibi. Mama alikuwa ndani ya nyumba, mwanawe akamfungia nje.

Sasa msiende kukilaumu kisanduku. Kufunga mlango si dhambi. Wezi wapo, fungeni. Ninaowalilia ni sisi, tuliofunga vizuri bila kujua tunaishi na nani. Wangapi humu tunamjua mama kwa cheo alichokipata siku tulipozaliwa, kana kwamba kabla yetu hakuwa mtu? Alipokuambia simu yake imekuwa bubu, wewe ulimwambia nini? Si ulimwambia kesho?

Mungu hasemi "yule bibi wa uani." Anamjua.

Leo ukifika nyumbani usikimbilie chakula. Kaa kitandani pake, msogelee sikio, muulize: "Mama, ulipokuwa mdogo walikuitaje?" Muulize angali anaweza kujibu.