Kibwana, Mchwa na Visiki Vitatu

Paukwa, nyie.

— Pakawa, bibi.

Aliyelala?

— Mwache.

Anayekoroma?

— Mtoe nje.

Haya. Zamani, zamani sana, mchwa walipokuwa bado wanaomba ruhusa kabla ya kula, alikuwepo mtu akiitwa Kibwana. Aliishi na mama yake, Bi Kidawa, katika nyumba ya miti na udongo. Uani palikuwa na mifenesi mitatu. Baba yake ndiye aliyeipanda, na alipokufa akazikwa papo hapo kivulini.

Kibwana akachoka kufagia majani. Mtu mzima, ndevu zimejaa, anashindwa na majani. Akachukua shoka, akaikata mifenesi yote mitatu, akaacha visiki vinavyofika magotini. Nyasi zikaota, zikavifunika.

Bi Kidawa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akaenda kuchota maji, akajikwaa kwenye kisiki cha kwanza. Mtungi ukapasuka.

"Mwanangu, ng'oa visiki."

"Kesho, mama."

Akaenda kuanua nguo, akajikwaa kwenye kisiki cha pili. Jino likatoka.

"Mwanangu, ng'oa visiki."

"Kesho, mama."

Akaenda kulisha kuku, akajikwaa kwenye kisiki cha tatu. Nyonga ikavunjika. Akabebwa, akalazwa kitandani kando ya ukuta.

"Nyonga ikiunga nitatambaa hadi juani," akasema. "Nikikikuta kisiki tena, Kibwana, usiniite mama."

Hapo ndipo Kibwana alipotoka kutafuta wa kumsaidia.

Akamkuta Ngiri akifukua mizizi bondeni. Ngiri akasema, "Shika sururu, ndugu yangu, nami nitumie meno. Tutachimba pamoja."

"Mimi nikishika sururu nitapata ngiri."

"Ngiri umeshampata, huyu hapa mbele yako. Sururu je?"

Kibwana akakuna tumbo, akapita.

Akamkuta Fuko mdomoni mwa shimo lake. Fuko akasema, "Mimi nitakata mizizi chini, wewe utavuta juu kwa kamba."

"Kamba inachubua viganja."

"Ebu nivione. Lo, viganja vya bi harusi," Fuko akasema, akarudi shimoni kwake.

Kibwana akakuna tumbo, akapita. Akafika kwenye kichuguu. Juu yake amesimama Mchwa, mdogo, kichwa chekundu, adabu imemjaa.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Tangu azaliwe, Kibwana hakuwahi kuitwa bwana mkubwa na mtu yeyote. Kifua kikamvimba. "Marahaba."

"Mtu kama wewe hachimbi wala havuti. Toa neno tu, ukalale. Ila neno lako likishashuka kwa malkia wetu, halipandi tena. Haya, tule nini?"

Angesema "visiki vitatu", basi. Maneno mawili, hata mtoto anayaweza. Lakini Kibwana alitaka kusema kama bwana mkubwa.

"Kila mti mkavu uliomo ardhini, ndani ya ua wangu, ni wenu."

"Kila mti mkavu," Mchwa akarudia polepole. "Uliomo ardhini. Ndani ya ua wako. Ahsante, bwana mkubwa."

Kibwana akalala. Alipoamka, kisiki cha kwanza hakipo. Akalala tena, cha pili hakipo. Akalala tena, cha tatu hakipo. Ua umekuwa laini kama kiganja chake. Akautembea pekupeku, mikono nyuma, majirani wamwone.

Bi Kidawa akamwita. "Kibwana, ukutani mna kitu kinatafuna."

"Panya hao, mama."

Kesho yake akamwita tena. "Kibwana, panya hawatafuni hivi. Kr, kr, kr, hawapumziki."

"Nguzo hii hapa, mama, imesimama."

"Hata mimi nilikuwa nimesimama."

Siku ya tatu mvua ikaanza. Bi Kidawa hakuita. Aligonga nguzo kwa kifundo cha kidole, na nguzo ikaitikia kama kibuyu kitupu. Kibwana akasikia. Sasa alielewa ametoa nini.

Angembeba mama yake kwanza, leo tungekuwa na hadithi nyingine. Yeye alikimbilia kichuguuni kubishana.

"Nilisema visiki."

"Hukusema visiki, bwana mkubwa. Nguzo ya nyumba ni mti?"

"Ni mti."

"Una majani?"

"Hauna."

"Umechimbiwa wapi?"

Nyuma yake, kwenye mvua, Kibwana akasikia kishindo kimoja, kisha kimya.

Majirani wakafukua udongo kwa mikono. Bi Kidawa wakamkuta pale pale kitandani, kando ya ukuta, mahali alipolazwa.

Kibwana akataka mama yake alale karibu na baba yake. Wakachimba kaburi uani, wakaleta ubao wa kumfunikia. Ukingoni mwa kaburi mchwa walikuwa wamekwisha kufika, wamejipanga kwa adabu, mstari mrefu.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Pole kwa msiba. Ubao huo ni mkavu?"

Kibwana akaukumbatia ubao kwa mikono miwili.

"Na unaingia ardhini?"

Watu wakamtazama Kibwana, kisha wakatazamana. Wakamwinua Bi Kidawa, wakamvusha mto, wakamzika porini nje ya ua, mahali asipomjua mtu. Baba akabaki upande huu wa mto, mama upande ule, na katikati Kibwana na ua wake laini, usio na kitu cha kumkwaza mtu wala mtu wa kukwazwa.

Sasa sikieni. Akija mtu akwambie kalale, kazi yako nitakufanyia bure, muulize ataishia wapi. Na ukitoa ruhusa, taja kitu kwa jina lake. Usijitie ukubwa mdomoni. Kibwana alikuwa na mikono miwili, mizima.

Hadithi nimeifukia hapo. Anayeitaka akaichimbe mwenyewe, mimi nalala.