Kuvu Mbili Katika Kisahani Kimoja

Hii ni ya wale wanaosaga kwanza na kuuliza baadaye. Isome polepole, kisha mpelekee mwenzako mwenye haraka.

Palikuwa na profesa mmoja, Rwegoshora jina lake, bingwa wa kuvu. Kuvu hizi hizi zinazoota kwenye mkate ukiusahau kabatini. Wewe ungezitupa; yeye alizilisha kwenye visahani vya kioo, akazifunika na kuzichungulia kama mama mwenye pacha wachanga.

Chini yake alifanya kazi binti aitwaye Kokushubira. Kwao migomba ilikuwa inanyauka. Mama yake alikuwa ameshang'oa nusu ya shamba na kuifukia. Koku alichimba udongo chini ya mgomba mmoja uliokataa kufa, akaupeleka maabara na kuunyunyiza kwenye kisahani. Katika udongo ule ikaota kuvu nyeupe, laini kama pamba, na pembeni yake ikaota nyingine ya kijivu, mbaya kama majivu yaliyomwagikiwa maji. Kisahani kile kilipojaribiwa, kiliua vijidudu vya mnyauko. Maabara nzima ikaishangilia ile nyeupe. Uzuri una bahati yake.

Lakini mwiko wa maabara ni kisahani kimoja, kuvu moja. Basi Koku akaitenga nyeupe peke yake. Ikastawi ajabu. Ikajaribiwa, haikuua hata kijidudu kimoja.

"Mikono yako hiyo, binti," alisema profesa. "Rudia."

Akarudia, akarudia tena. Ikiwa safi, dawa hakuna. Ikiwa na uchafu wake, dawa ipo. Mpishi yeyote angeuliza kulikoni. Koku hakuuliza, alizoea mwiko, akailaumu mikono yake.

Asubuhi moja akakuta profesa ameamuru visahani vyote vichafu, vile vyenye kuvu mbili, vichemshwe kwa mvuke na kutupwa. Kilisalia kimoja tu, kwa sababu kilikuwa mezani kwa Koku.

"Kilichomo humo nacho kisage," profesa akamwambia. "Loweka kwenye spiriti, chuja, peleka kwenye mashine. Tusipopata jibu leo, mradi naufunga. Urudi ukamsaidie mama yako kung'oa migomba."

Mashine yenyewe ni mizani ya vitu visivyoonekana kwa jicho. Kila kemikali ina uzito wake, na kwa uzito huo hujulikana ni ipi. Koku alikwisha kusaga visahani vya namna ile. Mizani ilimpa kemikali mamia, dawa ikiwemo, kwa uzito ambao kuvu safi haikuwa nao, bila kumwambia imetoka wapi. Mtu akishatwanga nyama, kitunguu na pilipili pamoja, amuulize nani kilichowasha?

"Profesa, tukikisaga hakirudi."

"Sasa unataka tukisomee dua?"

"Nataka tukiulize kikiwa hai. Mashine ina mrija unaoshusha tone la maji juu ya kuvu, kisha unalinyonya pamoja na kile kuvu ilichokitoa. Kama kumpangusa mtu jasho. Kuvu haifi."

"Jasho!" Profesa alicheka mpaka miwani ikateleza. "Haya, mpanguse. Ukimaliza, kinu kipo pale."

Koku akashusha tone katikati ya nyeupe. Akatazama kompyuta. Dawa hakuna.

Moyo ukamdunda kwa furaha. Kumbe ni ya kijivu! Ile iliyodharauliwa ndiyo yenye dawa! Nanyi najua mmeshaanza kuipigia makofi. Ngojeni. Akashusha tone juu ya kijivu. Dawa hakuna.

"Kinu, binti," alisema profesa.

Koku alikiangalia kisahani. Akilini aliona migomba ikifukiwa, na mama yake akishindilia udongo kwa mguu. Ndipo akaona pia kwamba kati ya zile kuvu palikuwa na ukanda mwembamba, wazi, kama mpaka wa ndugu wasiosalimiana.

"Tone moja tena, Profesa."

"Wapi? Pale hakuna kitu. Pale zinagombana tu."

"Basi nikasikilize ugomvi."

Tone likashuka mpakani. Mstari wa dawa kwenye kompyuta ukaruka juu. Akasogeza mrija kando, mstari ukalala. Akaurudisha mpakani, ukaruka tena.

Profesa akavua miwani. "Sasa dawa ni ya nani? Ya nyeupe au ya kijivu?"

"Bado sijui. Ninachojua ni kwamba kuvu ikikaa peke yake haitoi dawa, haina wa kumtolea. Sisi ndio tuliokuwa tunazitenga."

Profesa akakinyanyua kile kisahani kwa mikono miwili. Koku alidhani anakipeleka kwenye kinu, akasimama mbele yake.

"Pisha," alisema profesa, sauti imepungua. "Vile vingine..."

"Vimeshachemka, Profesa."

Mzee yule alitembea hadi kwenye kabati la joto la kukuzia kuvu, kama mtu aliyebeba uji uliojaa pomoni. Akakiweka ndani, akaegemea mlango.

"Nenda kalete visahani vipya, mwanangu. Usikimbie. Mimi nasimama hapa, asije akapita mtu mwenye akili kama zangu."

Funzo: Kilicho hai kiulize kingali hai, tena kikiwa na jirani yake. Ukishakisaga unabaki na unga, na unga haujibu maswali.