Mama Punda na Jeshi Lililoshindwa Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni karibu, moto unatutosha wote. Leo nawapa habari za vita, lakini anayetaka kujua nani alimkata nani panga ameketi mahali pasipo pake. Nitawasimulia jinsi jeshi kubwa lilivyoshindwa, na yule aliyejua kwa nini.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikaa boma moja na kusikilizana lugha, palikuwa na nchi iitwayo Igulwa. Mtemi wake alikuwa mwanamke, Nyanzala, mpole wa sauti lakini si mwepesi wa kudanganywa. Nchi hiyo ilikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi, kule nyuma ya vilima vya mawe. Mwaka mmoja Fisi wakatoka mbali, wakaikalia chemchemi ile, wakasema atakayekuja kuteka ataliwa. Ndama wakaanza kufa. Wanawake wakawa wanafukua mchanga wa mto mkavu mpaka kucha zinang'oka, na wanachopata ni tope.

Mtemi akamwita Jemadari wake, Mbogo. Huyu alikuwa mpana wa kifua, na katika ujana wake aliwahi kumfukuza simba peke yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyembishia. Akapewa Ngiri mia mbili, akapewa Pofu na vijana wake wa pembe ndefu, akapewa na wapiga mishale wa mtu mmoja aitwaye Masunzu.

Kabla hawajaondoka, Kanga alirudi kutoka vilimani, manyoya yamejaa vumbi. Kanga alikuwa mmoja wa wapelelezi. Akaeleza kwamba Fisi wanaoonekana pale chemchemini ni wachache, ila wengine wengi wamejificha kwenye korongo la jirani. Mbogo hakumwacha amalize. Alisema mama huyu anawatia askari woga, akaamuru achapwe viboko mbele ya jeshi zima na afukuzwe kazi. Wapelelezi wengine waliona, wakajifunza. Kila walipoulizwa walijibu: "Fisi ni wachache, Jemadari."

Jeshi likaenda, ngoma zikilia. Likapigwa. Mtemi alipouliza sababu, Mbogo akajibu: "Tulikuwa wengi, tulikuwa na nguvu, ila jua lilitupiga machoni."

Likaenda mara ya pili, ngoma zikilia. Likapigwa. "Tulikuwa wengi, tulikuwa na nguvu, ila Ngiri wa siku hizi ni waoga."

Likaenda mara ya tatu, ngoma zikilia. Likapigwa vibaya kuliko mwanzo. "Tulikuwa wengi, tulikuwa na nguvu, ila Fisi wametuloga."

Wazee wa baraza wakaanza kutajiana waganga. Huyu anamjua mmoja wa mashariki, yule anamjua mwingine mkali zaidi. Mtemi Nyanzala aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akauliza: "Waliojeruhiwa, nani aliwabeba kuwarudisha nyumbani?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Ikajulikana kuwa ni Mama Punda. Mara tatu alikuwa amevipanda vilima bila silaha, na kila mara akashuka, akarudi, akashuka tena, na majeruhi mgongoni. Njia ni ndefu, na mwenye maumivu haringi. Mambo ambayo hawakuthubutu kumwambia Jemadari, waliyanong'ona sikioni mwa Mama Punda.

Akaitwa barazani. Alikuja masikio yamelala, maana viboko vya Kanga alivishuhudia kwa macho yake. Mtemi akamwambia hapo hatachapwa mtu, aseme alichosikia, asiongeze wala asipunguze.

Mama Punda akaeleza. Mara ya kwanza alimbeba kijana wa Ngiri aliyeraruliwa bega. Yule hakulalamikia bega, alilalamikia kiu. Walitembea tangu alfajiri bila tone la maji, kwa sababu punda waliopaswa kubeba viriba walibebeshwa ngoma za Jemadari na vyungu vya karamu ya ushindi. Wakafika vitani ndimi zimewakauka. Mara ya pili alimbeba mpiga mishale. Huyo alimwambia kwamba Masunzu na Pofu hawasemezani tangu sherehe ya mavuno, walipogombea kigoda cha kuume kwa Mtemi. Kule vitani kila mmoja aliwazuia watu wake, akingoja mwenzake atangulie. Ngiri wakaingia katikati peke yao, wakazingirwa.

Masunzu akainamisha kichwa. Pofu akatazama pembeni.

"Na mara ya tatu?" Mtemi akauliza.

Mama Punda akamtazama Mbogo, kisha akatazama chini.

"Mara ya tatu nilimbeba mdogo wake Jemadari. Alinifia mgongoni kabla hatujaufikia mto. Alisema neno moja tu. Alisema, Kanga alituambia."

Wazee waliokaa karibu na Mbogo walisogeza vigoda vyao, wakidhani atawarukia. Mbogo hakuruka. Alisimama polepole, kama aliyebeba mzigo.

"Jua halikutupiga machoni," akasema. "Ngiri si waoga. Na hatukulogwa. Nilijua tangu mara ya kwanza, Mtemi. Niliona haya kukiri mbele ya jeshi lililoniona nikimchapa Kanga."

Baadhi ya wazee walitaka afukuzwe nchini siku ile ile. Mtemi akamgeukia Mbogo.

"Nikikufukuza kwa kusema kweli," akasema, "atakayeshika nafasi yako atajifunza kuficha kuliko wewe. Nenda. Anzia kwa Kanga."

Mbogo akaenda. Alimkuta Kanga uani akiparura ardhi. Kanga alimwacha asimame juani mpaka jasho likamtiririka, ndipo akamgeukia. Mbogo akapiga magoti, akaomba radhi.

"Mgongo wangu bado unauma, Jemadari."

"Najua."

"Hujui," Kanga akasema. "Lakini ndama wanakufa. Keti nikueleze."

Kumbe Kanga hakuwa ameacha kwenda vilimani. Alieleza kwamba korongo la Fisi lina mlango mmoja, mwembamba. Jua likiwa utosini, Fisi wote wa korongoni hulala. Mara zote tatu waliamshwa na ngoma za Igulwa zenyewe.

Basi ngoma zikaachwa nyumbani, na vyungu vya karamu vikaachwa. Kila punda akabeba viriba vya maji. Masunzu na Pofu wakaamriwa kutembea pamoja mbele: Pofu abebe mishale ya Masunzu, Masunzu abebe maji ya Pofu. Alfajiri hawakusemezana. Jua lilipopanda Pofu akashikwa na kiu, ikabidi aombe. Walipokaribia vilima walikuwa wakibishana njia ipi ni fupi, na askari waliposikia wanabishana walifurahi, maana mabubu hawabishani.

Kwenye jua kali la mchana wakafika kimya. Ngiri wakachimbua mawe kwa pembe zao, wakayaporomosha mpaka mlango wa korongo ukazibika. Pofu akatokea upande huu wa chemchemi, Masunzu upande ule, wote kwa wakati mmoja. Fisi wachache waliokuwa pale wakakimbia bila kupigana. Wale wa ndani wakaamka, wakajikuta wamefungiwa, wakaomba kusema. Kiongozi wao, bibi mmoja mwenye jicho moja, alieleza kwamba kwao visima vilikauka. Mbogo wa zamani angewamaliza. Mbogo huyu alituma mtu kumuuliza Mtemi. Mtemi akaamua waachiwe, wanywe chini kabisa, mkondo unakoishia, na wasipande juu tena. Wakakubali.

Siku hiyo Mama Punda alishuka vilima mgongo mtupu.

Waimbaji walikuwa wamejipanga njiani kumsifu Jemadari. Mbogo aliwapita, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Ngiri, aliyepoteza wana wawili katika vita vya pili. Alimwambia jinsi wanawe walivyokufa, kwamba walikuwa mbele, kwamba hawakuwa waoga, na kwamba aliyesema ni waoga alisema uongo, na ni yeye.

Bibi Ngiri alikuwa ameketi mkekani.

"Ulipaswa kuja mapema," akasema.

"Ndiyo, mama."

Bibi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka wake. "Haya, kaa. Nitajie na mengine waliyofanya."

Mbogo akakaa, akamsimulia mpaka jua likazama. Kesho yake akaenda nyumba ya pili iliyofiwa, na keshokutwa ya tatu, mpaka akazimaliza zote.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mwenye yake na aitoe, sisi tupo, tunasikiliza.