Kanga Yenye Kiraka cha Kijani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali maana simu za kupangusa zilikwishakuwapo, palikuwa na chuo cha ubunifu chenye chumba cha kanga kuukuu. Mtunzaji wake alikuwa Bi Rukaya. Wakubwa waliposema zitupwe, alikataa. Alizianika, akazitia karafuu zisiliwe na wadudu, akawangoja wanafunzi. Wanafunzi hawakutia mguu.

Basi akakubali zifanyiwe maonyesho mtandaoni, na picha akapiga mwanafunzi mmoja, Shamte. Kanga moja nyekundu ilikuwa na kiraka cha uzi wa kijani. Bi Rukaya alimwomba akikunje kwa ndani, kwani kanga ya mtu haiendi mbele za watu na kiraka. Shamte alikiacha wazi. Bi Rukaya alipokiona aliona haya kana kwamba ni yeye aliyevuliwa ushungi, akamnunia kijana wa watu siku nyingi.

Mwanafunzi mwingine, Mishi, aliiona kanga ile kwenye simu, akakipenda kiraka. Akachora pambo kutokana nacho, akalichapa kwenye mikoba, na kwenye kila mkoba akaandika pambo lilikotoka. Mkoba mmoja ukafika Pangani, kwa bibi aitwaye Mwanaidi. Aliutazama sana. Akamwomba jirani amfungulie maonyesho, na alipoiona kanga yenyewe alilia.

Akafunga safari hadi chuoni, na kanga yake mwenyewe nyekundu kifuani.

“Wanangu,” aliwaambia Bi Rukaya, Shamte na Mishi, “kiraka cha kanga yenu alikishona mama, mimi nikimtungia uzi. Nilipoolewa aliigawa doti yake, kipande kimoja akanipa, kimoja akabaki nacho. Alipofariki chake hakikuonekana tena. Hiki changu namwachia mmoja wenu, aliyenirudishia mama. Mmoja tu, maana siwezi kukikata.”

Shamte akasema kwa upole kwamba bila kiraka bibi asingeijua kanga, nyekundu ziko nyingi.

Mishi akasema kweli, lakini picha ilikaa mtandaoni na bibi hakuwa na habari. Uliomfuata hadi Pangani ni mkoba.

Bi Rukaya naye aliitaka sana kanga ile. Aliwaza vipande viwili vilale tena pamoja. Mwisho akasema, “Ningewasikiliza waliotaka zitupwe, ninyi mngepiga picha ya nini, mngechora nini?” Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza, “Lakini kiraka mimi nilitaka kukificha.”

Shamte akamtazama, na kununiwa kote kukamtoka moyoni. Mishi akamshika mkono. Hakuna aliyetaka kumnyang’anya mwenzake, na hakuna aliyeweza kusema haitaki.

Bibi akaikunjua kanga, akainyoosha mbele yao watatu, akingoja wa kumfunika mabegani.

Nami nimewaacha hapo, mikono ya bibi iko juu na inachoka. Semeni nanyi mliokaa kunisikiliza: je, nani alistahili?