Miayo ya Bi Sharubu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika na kufagia nyua zao, Paka aitwaye Bi Sharubu aliishi nyumba moja na Mbwa mlinzi aitwaye Ngurumo. Mvua ikinyesha, Ngurumo aliwalaza watoto wa Bi Sharubu tumboni kwake wapate joto.

Lakini sasa Ngurumo alikuwa hali chakula. Nyama ilikaa sahanini mpaka nzi wakafanyia harusi juu yake. Shavu limevimba, na pumzi yake, he! Hata kuku walihama barazani.

"Kaka, jino linakuuma," Bi Sharubu alimwambia. "Fungua nione."

"Nani? Mimi?" Ngurumo akajibu huku amebana midomo. "Mlinzi haangaliwi kinywani! Fisi akisikia, si atanicheka?"

"Utakufa njaa, kaka!"

"Nife na heshima yangu!"

Bi Sharubu alizitazama mbavu zake zilivyochomoza, roho ikamuuma. Akafikiri. Kisha akajilaza mbele yake, akajinyoosha, akapiga mwayo mrefu.

"Aaaah-uuu!"

Pua ya Ngurumo ikacheza. "Acha bwana!"

"Nimechoka tu, kaka. Aaaaah-uuuuu!"

Watoto nao wakadakia: "Aah-uu! Aah-uu!"

Ngurumo akakaza taya. Machozi yakamlenga. Akageuka kando, kule nako kitoto kinapiga mwayo! Weee! Kinywa kikafunguka chenyewe, pwaa, kama mlango wa ghala:

"AAAAH-UUUU!"

Hicho hapo! Kipande cha mfupa kimekwama kando ya gego, ufizi mwekundu kama pilipili. Bi Sharubu akaruka, akatia ukucha, kwachu, akaung'oa mfupa! Akachomoka kabla taya hazijafunga, kacha!

"Laghai wewe! Umenichezea!" Ngurumo akamkimbiza, wakazunguka mafiga, wakapindua ndoo. Mara akasimama. Akalamba ufizi. Akalamba tena.

"Mbona… hapaumi?"

"Kula kwanza, ndipo unikimbize," akasema Bi Sharubu, kajibanza juu ya kabati.

Ngurumo akala, akala, mpaka akaitafuna na mifupa laini.

"Kuanzia kesho nitakusugua meno kwa kitambaa kila asubuhi," akasema Bi Sharubu.

"Na Fisi je?"

"Fisi! Mdomo wake unanuka tangu azaliwe. Atakucheka kwa kinywa gani?"

Ngurumo akacheka kwa nguvu, hah-hah-hah, meno yote nje.

Basi wanangu, jino halijui ubabe: likiuma, mfungulie kinywa anayekupenda.